Yamanaka Sadao na filamu za samurai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Yamanaka Sadao ni nani?

Ni mwongozaji na mwandishi wa filamu kutoka Kyoto, Japani. Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1909 na kufariki tarehe 17 Septemba 1938, kabla hajatimiza miaka 29. Alianza kuongoza mwaka 1932 na filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1937. Ndani ya muda huo aliongoza filamu 26, ukihesabu na zile alizoshirikiana na wenzake. Zilizotufikia zikiwa karibu nzima ni tatu tu.

Watu wakisikia "filamu tatu" hudhani ni mtu wa pembeni, jina la kujaza orodha. Sivyo hata kidogo. Enzi za uhai wake alikuwa miongoni mwa waongozaji waliotegemewa kuliko wote nchini mwake, na kila filamu yake ilipotoka wahakiki walikuwa wakiisubiri. Uchache wa kazi zake ni hasara iliyotupata sisi tuliokuja baadaye.

Alitengeneza filamu za aina gani?

Karibu zote ni jidaigeki, yaani filamu zinazosimulia Japani ya zamani, hasa ile ya watawala wa ukoo wa Tokugawa uliokaa madarakani tangu mwanzo wa karne ya 17 hadi 1868. Humo ndimo wanamokaa samurai, wacheza kamari, wafanyabiashara wa Edo (Tokyo ya leo), wanawake wa majumba ya starehe na samurai waliopoteza mabwana zao, wanaoitwa ronin.

Makao makuu ya filamu hizi yalikuwa Kyoto. Mji ulikuwa na mahekalu, kuta za udongo, madaraja ya mbao na vichochoro vya kale, kwa hiyo studio zilipata mandhari bila kuyajenga. Makino Shozo, anayeitwa baba wa filamu za Japani, ndiye aliyeanzisha kazi hiyo huko pamoja na mwigizaji Onoe Matsunosuke, ambaye filamu zake zilihesabika kwa mamia. Mwanzoni filamu hizo zilikuwa kama jukwaa la kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, lililopigwa picha. Miaka ya 1920 upanga ukaanza kwenda mbio, na waongozaji kama Ito Daisuke wakaleta mashujaa wenye hasira, watu wanaopambana na dunia nzima huku kamera ikiwakimbiza.

Jambo jingine la kujua ni kwamba filamu za kimya Japani hazikuonyeshwa kimya. Ndani ya ukumbi alisimama msimulizi, benshi, akieleza kisa na kuwasemea wahusika wote. Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam au Kampala, wakimsikiliza mtu akitia maneno yake juu ya filamu ya kigeni, watamwelewa benshi mara moja. Baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji, nao wakaipinga sauti ilipoingia. Ndiyo maana Japani iliendelea kutengeneza filamu za kimya hadi katikati ya miaka ya 1930, na Yamanaka alianzia humo.

Aliingiaje kwenye kazi hiyo?

Baba yake alikuwa fundi wa vipepeo vya kukunja vya kujipepea, kazi ya mikono yenye heshima Kyoto lakini isiyo na uhusiano wowote na sinema. Yamanaka alisoma shule ya biashara mjini humo. Shuleni alikuwepo kijana aliyemtangulia, Makino Masahiro, mtoto wa yule Makino Shozo. Kwa njia hiyo Yamanaka aliingia studio ya Makino mwaka 1927, mara tu alipomaliza masomo.

Mwaka uliofuata akahamia kampuni ndogo ya mwigizaji Arashi Kanjuro, nyota aliyejulikana kwa kuigiza Kurama Tengu, mpiga upanga wa kilemba cheusi. Hapo Yamanaka alikuwa msaidizi wa mwongozaji na mwandishi wa skripti. Kampuni ndogo ina shida zake, lakini kijana anayejua kuandika hupewa kazi haraka. Mwaka 1932, akiwa na miaka 22, akaongoza filamu yake ya kwanza, *Iso no Genta: Dakine no Nagadosu*, kisa cha mcheza kamari anayezurura. Mhakiki Kishi Matsuo aliiona akaisifu sana, na ikaingia kwenye orodha ya filamu kumi bora za mwaka ya jarida la *Kinema Junpo*. Mwaka 1933 akachukuliwa na Nikkatsu, kampuni kubwa.

Kundi la Narutaki lilikuwa nini?

Narutaki ni eneo la magharibi mwa Kyoto. Katikati ya miaka ya 1930 walikaa huko vijana wanane wa filamu, waongozaji na waandishi, wakitembeleana usiku, wakinywa na kubishana. Yamanaka alikuwemo, na Inagaki Hiroshi, Takizawa Eisuke, Mimura Shintaro na Yahiro Fuji, pamoja na wengine watatu. Waliandika skripti kwa pamoja na kuzitia saini kwa jina moja la kubuni: Kajiwara Kinpachi. Mtu huyo hakuwahi kuwepo. Jina lilikuwa la wote wanane.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba walitoka kampuni tofauti, zilizokuwa zikishindana. Mmoja akikwama kwenye skripti ya kampuni yake, mwingine wa kampuni pinzani alikuja kumkwamua. Siku hizi tunazoea kumsifu mwongozaji kama mtu aliyefanya kila kitu peke yake, na Yamanaka angestahili sifa hizo kuliko wengi, lakini alichagua kufanya kazi hivi, jina lake likiwa limefichwa ndani ya la wenzake.

Jambo walilokubaliana lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: watu wa kale waongee kama watu wa leo. Samurai wa filamu zao hawakutumia lugha nzito ya jukwaani. Walilalamika, walisitasita, waliongopa ili waepuke ugomvi na wake zao. Walikuwa watu wa kisasa waliovikwa nywele za kufunga kisogoni.

Kwa nini filamu zake zina mapigano machache?

Swali hili huulizwa na waliozizoea filamu za upanga na wakategemea damu tangu dakika ya kwanza. Yamanaka aliipenda fani hiyo, hakuidharau. Lakini macho yake yalikuwa kwa watu wanaoishi pembeni ya upanga: mwenye nyumba anayedai kodi, mnunuzi wa vyuma chakavu, mama anayeendesha kilabu cha kulenga shabaha, kijana anayeiba kitu kidogo kisha hajui pa kukificha. Samurai katika filamu zake ni jirani miongoni mwa majirani, na mara nyingi ndiye asiye na kitu.

Pambano likija, lina gharama. Halimletei mtu sifa. Katika *Kochiyama Soshun* mapambano ya mwisho yanafanyika kwenye mtaro mwembamba katikati ya nyumba, watu wakigongana na kuta, hakuna nafasi ya kuzungusha upanga kwa madaha. Ukitoka hapo unakumbuka ule mtaro kuliko upanga wenyewe.

Nianze na ipi kati ya hizo tatu?

Anza na *Tange Sazen Yowa: Hyakuman Ryo no Tsubo* ya mwaka 1935, kisa cha chungu chenye thamani ya ryo milioni moja (ryo ilikuwa sarafu ya dhahabu). Ni filamu ya kuchekesha, na utacheka kweli, ingawa ina umri wa miaka tisini.

Tange Sazen alikuwa mhusika maarufu wa riwaya za magazetini za Hayashi Fubo: mpiga upanga mwenye jicho moja na mkono mmoja, mkatili, asiyemwamini mtu. Ito Daisuke alikuwa ameshamwongoza mwigizaji Okochi Denjiro katika filamu zake, na za sauti zilipata mafanikio makubwa Nikkatsu. Ito alipoondoka, filamu iliyofuata ikamwangukia Yamanaka. Naye akamgeuza yule shetani kuwa mlinzi mvivu wa kilabu cha kurushia mishale, anayegombana kutwa na mwanamke mwenye kilabu, Ofuji, na hawawezi kuachana. Mwandishi wa riwaya hakufurahi. Ndiyo sababu jina la filamu lina neno *yowa*, kuonyesha kwamba ni hadithi ya kando na si ile yenyewe.

Kisa ni hiki. Ukoo wa Yagyu una chungu kikuukuu, na mkuu wa ukoo anampa mdogo wake, Genzaburo, aliyeoa na kuhamia Edo. Baadaye inagundulika kwamba ndani ya chungu kuna ramani ya hazina. Wakati huo mke wa Genzaburo ameshakiuza kwa wanunuzi wa vitu chakavu kwa vijisenti, nao wamempa mtoto wa jirani afugie samaki wake wa dhahabu. Kila mtu anakitafuta chungu Edo nzima, na chungu kiko pale pale, mikononi mwa mtoto, mbele ya macho yao.

Genzaburo anapewa kazi ya kukitafuta. Anagundua kwamba kutafuta chungu ni kisingizio kizuri cha kutoka nyumbani. Kila asubuhi analalamika kwamba Edo ni kubwa, kwamba kazi hii ni kama kulipiza kisasi, inaweza kuchukua miaka kumi au ishirini. Kisha anakwenda moja kwa moja kilabuni kurusha mishale na kutazama wasichana.

Angalia jinsi Yamanaka anavyokata picha. Sazen anaapa kwamba hatamsindikiza mteja fulani nyumbani, haiwezekani. Picha inayofuata: anatembea naye barabarani. Ofuji anasema hataki mtoto ndani ya nyumba yake, anachukia watoto. Picha inayofuata: mtoto anakula na Ofuji yupo. Hatuonyeshwi mtu akibadilisha mawazo. Tunaonyeshwa neno na kinyume chake, na katikati tunajijazia wenyewe moyo laini wanaouficha. Mchezo huu anaurudia mara kadhaa na kila mara unafanya kazi, kwa sababu kila mara unatufundisha kitu kuhusu watu hawa wawili ambao hawawezi kusema "nakupenda" wala kwa bunduki.

Je, ni kweli kuna sehemu imekatwa kwenye filamu hiyo?

Ndiyo. Nakala tuliyo nayo inatokana na toleo lililoonyeshwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huo Japani ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani na washirika wake, na wakaguzi wao walizitilia shaka filamu za upanga kwa kuona zinachochea kisasi na utii wa kimwinyi. Tukio la mapigano likaondolewa. Ukiona mahali ambapo hadithi inaruka ghafla, usimlaumu mwongozaji.

*Kochiyama Soshun* inahusu nini?

Ilitoka mwaka 1936. Wahusika wake wanatoka kwenye tamthilia ya kabuki ya Kawatake Mokuami, lakini Yamanaka amewashusha kutoka jukwaani na kuwapanga kwenye mtaa wa wachuuzi na wacheza kamari. Kochiyama ni tapeli mwenye kilabu cha kamari. Kaneko Ichinojo ni ronin anayelipwa kukusanya ushuru wa wachuuzi kwa niaba ya bosi wa mtaa. Wote wawili wanamheshimu msichana mmoja, Onami, anayeuza pombe tamu ya mchele. Ana mdogo wake wa kiume asiyesikia la mtu, anayeiba kisu kidogo cha samurai, kisha anajiingiza kwenye matatizo makubwa zaidi na deni lake linamwangukia dada. Onami anaamua kujiuza ili alilipe.

Onami ameigizwa na Hara Setsuko akiwa na miaka 15, miaka mingi kabla ya kuwa uso unaojulikana wa filamu za mwongozaji Ozu Yasujiro. Kuna tukio ambapo theluji inaanza kuanguka wakati msichana huyu ameshafanya uamuzi wake. Hasemi neno. Yamanaka anaacha theluji ianguke, anamwacha mtoto yule asimame, na hatii muziki wa kutulazimisha kulia.

Wanaume wawili waliotumia maisha yao kwa upuuzi wanaona hatimaye kuna kitu kimoja kinachofaa kufanywa, wakakifanya. Wengi huiweka filamu hii ya tatu kati ya tatu, labda kwa sababu hadithi yake ina nyuzi nyingi na inahitaji umakini. Mimi naona inatendewa isivyo haki.

*Ninjo Kami Fusen* inasifiwa kuliko zote. Kwa nini?

Jina lake tunaweza kulitoa hivi: utu na puto la karatasi. Ilionyeshwa kwanza tarehe 25 Agosti 1937. Yamanaka alikuwa ameondoka Kyoto na kwenda Tokyo, kwenye studio ya P.C.L., ambayo muda mfupi baadaye iliingia kwenye kampuni ya Toho. Skripti ni ya Mimura Shintaro wa kundi la Narutaki, na mpiga picha ni Mimura Akira, aliyejifunza kazi Hollywood. Msingi wake ni tamthilia nyingine ya Mokuami, kuhusu Shinza, msusi wa nywele anayemteka binti wa mfanyabiashara.

Waigizaji wakuu walitoka kundi la Zenshinza, lililoanzishwa mwaka 1931 na wasanii wa kabuki waliochoshwa na ukoo na cheo kuamua nani apewe nafasi. Walikuwa wamezoea kuigiza pamoja, wakubwa kwa wadogo, na inaonekana. Nakamura Kan'emon ni Shinza. Kawarasaki Chojuro ni Unno Matajuro, ronin anayeishi chumba cha jirani.

Filamu inaanza na kifo. Samurai mmoja mzee wa mtaa wa vyumba vya kupanga amejinyonga. Majirani wanaulizana kwa nini hakufa kwa upanga kama ilivyo desturi ya samurai. Jibu ni kwamba upanga hakuwa nao, alishauuza. Ndani ya ala alikuwa amechomeka kipande cha mwanzi. Shinza anambana mwenye nyumba atoe pombe ya matanga, na usiku huo mtaa mzima unakunywa, unaimba na kucheka. Matanga yanakuwa sherehe. Yamanaka hawahukumu. Watu hawa wamepata pombe ya bure, na kesho hawana uhakika nayo.

Kisha tunamfuata Matajuro. Baba yake, aliyekwisha kufa, alimsaidia sana mtu anayeitwa Mori Sanzaemon, ambaye sasa ni ofisa mwenye cheo. Matajuro ana barua ya baba yake, na anaamini Mori akiisoma atampatia kazi. Anamsubiri barabarani. Anamsubiri getini. Mori anamwambia njoo kesho. Kesho anakuwa na shughuli. Vijana wa mtaa wanatumwa kumpiga. Na kila jioni Matajuro anarudi kwa mkewe, Otaki, aliyeinamia kazi ya kutengeneza maputo ya karatasi ya kuchezea watoto ili wapate kula, na anamwambia mambo yanakwenda vizuri.

Tukio linalonishika kila ninapoitazama ni la mvua. Mori amemwambia waziwazi asimfuate tena. Mvua inanyesha kwa nguvu, Mori anaondoka, na Matajuro anabaki amesimama. Hapigi kelele. Anasimama tu, nguo zikimgandia mwilini, kwa muda mrefu kuliko ambavyo mwongozaji mwingine angethubutu. Aliyewahi kuzungushwa na mkubwa wa ofisi, njoo kesho, njoo wiki ijayo, hana haja ya kuelezewa Japani ya kale ili aelewe mtu huyu anafikiria nini.

Shinza ni kinyume chake. Anajua wakubwa hawatampa kitu, kwa hiyo anawachokoza: anafanya kamari kwenye eneo la bosi Genshichi, anapigwa, anarudia. Anamteka binti wa duka la rehani, na msichana anafichwa chumbani kwa Matajuro. Kwa siku moja watu wawili wasio na kitu wanawatikisa matajiri, nao Matajuro anacheka kwa mara ya kwanza. Siku hiyo ina bei, na wote wawili wanailipa.

Mwisho wake sitausema wote. Nitasema hivi tu: Otaki, mwanamke ambaye hasemi sana filamu nzima, anasikia maneno ya majirani, anaikuta ile barua, anagundua kila jioni alikuwa akidanganywa. Uamuzi wake unafanyika bila sisi kuuona. Wanaoizungumzia filamu hii humtaja Matajuro na Shinza, na kumsahau yeye. Mimi nadhani filamu ni ya kwake.

Mtindo wake wa picha unatambulikaje?

Kamera yake hukaa chini na hukaa kimya. Hupenda kuitazama njia kwa urefu, mwanzo hadi mwisho, ili mtu aingie mbali, asogee, na nyuma yake tuone maisha mengine yakiendelea. Kichochoro cha *Ninjo Kami Fusen* hupigwa picha kutoka pembe ileile mara nyingi hadi tunakijua kama cha kwetu. Tunajua nani anakaa wapi, na mtu akipita asubuhi tunajua anatoka mlango upi.

Jambo kubwa la pili ni kuruka. Anaacha matukio ambayo wengine wangeyafanya kilele, anatuonyesha kabla na baada. Katika enzi za kimya alisifiwa pia kwa jinsi alivyotumia maandishi ya kwenye skrini: machache, yaliyopangwa kwa mdundo katikati ya picha, kama ubeti unaokatwa vipande.

Urafiki wake na Ozu Yasujiro ulikuwaje?

Ozu alikuwa Tokyo, studio ya Shochiku, akitengeneza filamu za familia za kisasa. Yamanaka alikuwa Kyoto na samurai wake. Hata hivyo walipatana sana, na ukitazama kazi zao unaona sababu: wote wawili waliamini mambo makubwa hutokea kwenye vyumba vidogo.

Kuna kisa alichokisimulia Ozu mwenyewe. Yamanaka alipokuwa anajiandaa kwenda vitani, alipita nyumbani kwa Ozu kuaga. Bustanini kulikuwa na mchicha wa rangi, ule wa mapambo wenye majani mekundu. Yamanaka aliutazama akausifu. Muda si mrefu baadaye Ozu naye akaitwa jeshini. Wakakutana China mapema mwaka 1938, wakiwa askari wote wawili, kwa muda mfupi tu. Baadaye Ozu aliandika kwamba aliukumbuka ule mchicha aliposikia habari za kifo cha rafiki yake. Baada ya vita maandishi ya mkono wa Ozu ndiyo yanayosomeka kwenye jiwe la kumbukumbu la Yamanaka huko Kyoto.

Alikufaje?

Siku ileile *Ninjo Kami Fusen* ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, alipata hati ya kuitwa jeshini. Vita vya Japani dhidi ya China vilikuwa vimeanza Julai mwaka huo. Alipelekwa China na kikosi cha askari wa miguu. Lile lilikuwa jeshi la uvamizi, lililoua na kuharibu sana kule lilikopita, na hakuna sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tunampenda msanii mmoja aliyekuwamo.

Huko aliweka daftari. Aliandika mawazo ya filamu za kutengeneza akirudi, na pia wosia. Ndani yake anasema kwamba kama *Ninjo Kami Fusen* ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho, basi atasikitika kidogo, kisha anawaomba wenzake na wakubwa wake watengeneze filamu nzuri. Alikufa kwa ugonjwa wa matumbo katika hospitali ya kijeshi mjini Kaifeng.

Wapo wanaosema alikitabiri kifo chake kwenye filamu ile yenye huzuni. Mimi siupendi usemi huo. Mtu anayeandika mawazo ya filamu mpya kwenye daftari la vitani hakuwa ameaga dunia. Alikuwa na kazi nyingine kichwani.

Filamu nyingine zilipotea vipi?

Kwa njia za kawaida, na ndilo linaloumiza. Filamu za wakati ule zilikuwa za naitreti, inayoshika moto kwa urahisi na kuoza ikiwekwa vibaya. Nakala zilichapwa chache, zikazungushwa kumbini hadi zikachakaa. Kampuni hazikuona faida ya kutunza filamu iliyokwisha kuonyeshwa, hasa ya kimya baada ya sauti kuingia. Kisha mabomu ya vita yakateketeza maghala. Filamu nyingi mno za Japani za kabla ya 1945 hazipo, za kila mwongozaji.

Kwa Yamanaka hasara kubwa kuliko zote pengine ni *Machi no Irezumimono* ya 1935, kuhusu mtu aliyetoka gerezani, filamu yake ya kwanza na Zenshinza. *Kinema Junpo* waliiweka ya pili kati ya filamu zote za mwaka huo. Wahakiki waliiona, wakaisifu, ikapotea. Vimebaki vipande vifupi vya filamu nyingine chache.

Ameacha athari gani?

Wenzake wa Narutaki waliendelea na kazi. Inagaki Hiroshi alikuja kupata tuzo ya Oscar ya filamu ya kigeni kwa *Miyamoto Musashi* ya 1954. Mpwa wa Yamanaka, Kato Tai, naye akawa mwongozaji wa kamera za chini, na aliandika kitabu kuhusu maisha ya mjomba wake. Mwaka 1939 Zenshinza waliigiza *Sono Zenya*, iliyojengwa juu ya wazo aliloliacha. Mwongozaji Kurosawa Akira, aliyeanza kazi P.C.L. kama msaidizi mwaka 1936, aliiweka ile ya chungu kwenye orodha ya filamu alizozipenda. Na kila filamu ya samurai anayeona njaa, anayeuza upanga wake, anayedharauliwa na wenye vyeo, inapita njia ambayo Yamanaka aliipita mapema.

Jina lake liandikwe Sadao Yamanaka au Yamanaka Sadao?

Yamanaka ni jina la ukoo na Wajapani hulitanguliza. Ukitafuta mtandaoni jaribu yote mawili.

Nitazipata wapi, na naweza kuzitazama na watoto?

Kampuni ya Eureka ya Uingereza ilitoa filamu zote tatu kwenye seti moja ya DVD mwaka 2013. Mtandaoni zipo nakala za ubora tofauti; chagua yenye maandishi unayoyasoma vizuri, kwa sababu katika ile ya chungu nusu ya kicheko iko kwenye majibizano.

Kuhusu watoto: ya chungu wanaweza kuitazama, ingawa baba wa yule mtoto anauawa na itabidi uwe karibu kuwajibu. *Kochiyama Soshun* subiri wafike ujana. *Ninjo Kami Fusen* ina watu kujiua, mwanzoni na baadaye, kwa hiyo itazame wewe kwanza, peke yako au na mtu mzima mwenzako, na usiitazame kwa kuigawa siku mbili. Ni dakika 86 tu.